Baba alikwama kusoma, sasa na mwana: je, ni damu?

"Shikamoo Mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, yuko darasa la tatu hapa Ilemela. Kusoma hajui. Kitabu anakikariri, ukimsomea mara mbili anakirudisha chote, lakini ukimwonyesha neno moja katikati ya ukurasa anabaki kukuangalia usoni. Hesabu za kichwa yuko vizuri. Nikimwacha kwenye meza yangu ya dagaa, chenji hakosei. Baba yake ni fundi mitumbwi, aliishia darasa la nne. Meseji ikiingia ananiambia 'nisomee, miwani sijui nimeiweka wapi', na miwani hana. Shangazi yake mmoja naye ni hivyohivyo. Mama mkwe anasema ni mkosi wa ukoo wao, mwalimu wa darasa anasema mtoto ni mzembe. Nimesikia kuna kitu kinaitwa disleksia na kwamba kinarithiwa. Ni kweli? Kuna kipimo cha damu hospitali? Na dawa je? Mdogo wake wa kike ana miaka minne na nusu, naogopa naye asije akawa hivyo."

Marahaba, mama. Umeuliza mengi, ila naona lililokushika ni lile la mwisho, la binti. Nitaanza na kaka yake, kwa sababu jibu la binti limo humo humo.

Mimi si daktari wa dawa. Ni mwalimu wa elimu maalumu. Kazi yangu ni kukaa na watoto waliokwama kusoma, mmoja mmoja, na kutafuta wamekwama wapi. Kwa barua tu siwezi kusema mwanao ana disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma usiotokana na uzembe wala akili ndogo, na atakayekuambia hivyo bila kumwona mtoto, mwogope. Lakini hiyo habari ya kukariri naifahamu. Upande wa Sengerema niliwahi kukaa na mtoto wa darasa la pili aliyesifiwa kwamba anasoma. Kitabuni kulikuwa na picha ya sato na chini yake neno "samaki". Akalisoma, tena kwa sauti. Nikafunika picha kwa kiganja, nikaandika "masaki" kwenye karatasi. "Samaki," akasema. Nikaandika "kisama". Akalitazama kidogo, akacheka: "Mwalimu, samaki tena?"

Silabi ni zilezile tatu, zimehamishwa tu. Yule mtoto alikuwa anakisia, na kwa ustadi: anaangalia picha, anaangalia umbo la neno, anaangalia uso wa mwalimu kama umekunjamana. Mtoto mjinga hawezi kujificha hivyo miaka miwili. Jaribu kwa mwanao leo jioni, bila kelele wala watazamaji. Mwandikie maneno yasiyo na maana yoyote, kama "baluki", "mefo", "tindoga". Hayo hayakaririki. Akiyasoma polepole kwa kujikongoja, njia ya herufi anayo ila ni nzito. Akishindwa kabisa, basi herufi na sauti bado hazijakutana kichwani mwake.

Watu wengi hudhani kusoma ni kazi ya macho, ndiyo maana wazazi wengi huanzia kwenye miwani. Macho yanaleta alama tu. Kazi yenyewe ni kuunganisha alama na sauti, na huwezi kuunganisha na sauti ambayo huisikii ikiwa imesimama peke yake. Mtu akisema "dagaa", linatoka kwa pumzi moja, halina mahali palipokatwa. Watoto wengi wakifika miaka mitano au sita wanaweza kulikata: da, ga, a. Baadaye wanaikata hata silabi yenyewe, d na a. Kwa mtoto mwenye disleksia ukataji huu ndio mgumu. Masikio yake ni mazima, ukimwita kutoka ufukweni anakuja. Ila sauti za maneno zimehifadhiwa bila mipaka iliyo wazi, kwa hiyo herufi ikija haina pa kujishikiza. Kwenye picha za ubongo, kazi hii huonekana zaidi upande wa kushoto, eneo la juu na nyuma ya sikio, pamoja na jingine la chini nyuma ambalo likishazoea hulitambua neno zima kwa kufumba na kufumbua. Kwa wenye disleksia maeneo hayo hushughulika kidogo kuliko kwa wenzao. Akili ya jumla ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana chenji hakosei.

Sasa, inarithiwa? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa, na hili halikugunduliwa juzi. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, ambaye hata jina lake alilikosea akaandika "Precy", ingawa mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Mwaka 1907 daktari mwingine, Sydney Stephenson, akaeleza familia moja yenye watu sita wa namna hiyo katika vizazi vitatu. Kwa hiyo mama mkwe wako ameona kitu cha kweli: jambo linafuata ukoo. Alichokosea ni kuliita mkosi.

Ila mambo mengi hufuata ukoo bila kuwa damuni. Umaskini hufuata ukoo, lugha hufuata ukoo, hata Simba na Yanga. Ili kutenganisha, watafiti wakaenda kwa Kulwa na Doto. Sisi huku mapacha wote tunawaita hivyo, hatubagui. Mtafiti anawagawa mara mbili. Wapo waliotoka kwenye yai moja, vinasaba vyao, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama, ni vilevile, na wapo waliotoka kwenye mayai mawili, ambao wanachangia karibu nusu ya vinavyotofautisha watu, sawa na ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Wote wanalala nyumba moja, wanakula chungu kimoja, wanakwenda shule moja. Katika utafiti wa mapacha uliofanyika Colorado, Marekani, pacha mmoja akiwa na tatizo la kusoma, mwenzake wa yai moja alikuwa nalo takriban mara 68 kati ya 100. Kwa wa mayai mawili ilikuwa kama 38.

Pengo hilo ndilo ushahidi wa urithi. Lakini iangalie tena ile 68. Ingekuwa damu tupu, ingekuwa 100. Kuna Doto mwenye vinasaba vyote vya Kulwa, na bado akasoma bila shida kubwa.

Kanda ya Ziwa tunaujua urithi zaidi kwa siko seli, na nadhani hofu yako inatoka huko. Kwa siko seli kinasaba ni kimoja. Baba akiwa amekibeba na mama amekibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, na damu ikipimwa jibu linatoka. Disleksia haiendi hivyo. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu zaidi ya milioni moja, ambao kati yao kama 51,800 walisema wamewahi kuambiwa wana disleksia. Zilipatikana sehemu 42 zinazohusika. Arobaini na mbili, mama, na hizo ni zile tu zilizojitokeza waziwazi. Kila moja inasukuma kidogo sana. Umewaona vijana wanavyokokota mtumbwi mkubwa kutoka majini: ukimtoa mmoja, mtumbwi bado unapanda mchangani, wakipungua kumi, unakwama. Mwanao huenda amepokea wakokotaji wachache kuliko wenzake, na wengine kati yao wametoka kwako, wewe unayesoma bila shida. Ukiwaeleza hivi nyumbani huenda ile habari ya "ukoo wao" ikapoa kidogo.

Kuhusu kipimo cha damu: hakipo. Hakipo Bugando, hakipo Muhimbili, hakipo Ulaya. Hata walipojumlisha athari za vinasaba vyote walivyoweza, walieleza hadi asilimia 6 tu ya tofauti za kusoma kati ya watu, na waliochunguzwa walikuwa wateja wa kampuni ya Marekani wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo hata hesabu hiyo ndogo huwezi kuihamishia Mwanza ilivyo. Kabla ya hapo, mwaka 2003, watafiti wa Finland walitangaza kinasaba kimoja kwenye kromosomu ya 15 (kromosomu ni vifurushi vinavyobeba vinasaba), na watu wakaanza kusema "kinasaba cha disleksia" kimepatikana. Ule utafiti mkubwa haukukipa nguvu. Akitokea mtu na mashine yake anayesema atasoma vinasaba vya mtoto akuambie kama atajua kusoma, hela hiyo nunua madaftari.

Na sidhani kama kitakuja kupatikana "kinasaba cha kusoma". Maandishi duniani yana kama miaka 5,000 tu. Babu wa babu zetu mwambao huu wa ziwa hawakuandika, na vinasaba hivi walikuwa navyo bila kumsumbua mtu. Aliyekuwa hodari wa kutega samaki alihesabiwa hodari, basi. Tatizo lilianza kuonekana siku ilipofunguliwa shule.

Ndiyo maana namfikiria baba yake. Aliishia darasa la nne, na hapo sijui kama alishindwa kusoma akaacha, au aliacha kwanza ndipo asijue. Ni vitu viwili tofauti. Muulize, lakini si mbele ya watoto wala ya mama yake. Ndugu zake waliokaa darasani miaka ileile walijua kusoma? Yeye alikuwa akienda shule kila siku na bado herufi hazishiki, au alikuwa ziwani? Shangazi naye, ilikuwaje? Kama kaka na dada walihudhuria na wote wakakwama huku wenzao wakiendelea, hiyo ni dalili nzito kuliko kipimo chochote ninachoweza kumfanyia mtoto kwa siku moja. Mwambie hivyo: kwamba habari zake ndizo zitakazomsaidia mwanawe. Mwanaume aliyetafuta miwani isiyokuwepo miaka yote hii amebeba aibu kubwa, na nimeona akina baba wakilegea mabega waliposikia kwamba hawakuwa wajinga.

Mtu asikuambie tu kwamba ufundi wake wa mitumbwi "umeletwa na disleksia". Kuna maneno mengi matamu siku hizi kwamba wenye disleksia wamepewa kipaji cha macho na mikono kufidia. Utafiti wa hilo unapingana wenyewe kwa wenyewe. Ufundi wake ameupata kwa miaka ya kushika randa. Ni wake, sina haja ya kuupa ugonjwa.

Sasa binti. Kwa watu wa kawaida, wenye disleksia ni kama 5 hadi 10 kati ya 100, kutegemea umeweka mpaka wapi. Kwa watoto ambao mzazi mmoja anayo, tafiti zilizokusanywa pamoja zinatoa wastani wa karibu 45 kati ya 100. Ni nyingi, sikufichi. Lakini ni zaidi kidogo ya nusu wanaopita salama, na wanaobaki hawakwami wote kwa kiwango kimoja. Usijifariji pia kwamba ni wa kike. Wavulana hupelekwa kuonwa zaidi kwa sababu wakikwama wanafanya fujo. Msichana akikwama anakaa kimya nyuma ya darasa na kunakili daftari kwa mwandiko mzuri.

Huko Jyväskylä, Finland, walifuatilia watoto wapatao 200 tangu kuzaliwa, karibu nusu wakiwa wa familia zenye disleksia. Walioelekea kukwama walianza kujionyesha kabla ya shule: kujua majina ya herufi kulichelewa, na kutaja haraka vitu vinavyojulikana, kama rangi na picha, kulikuwa kuzito. Kwa hiyo miaka minne na nusu si mapema mno. Ndio wakati wenyewe. Kaka yake mlimgundua baada ya kuumia. Huyu unaweza kumtangulia.

Cheza naye sauti, bila kitabu. Mnapochambua dagaa, mwambie apige kofi kwa kila kipande: sa-nga-ra, makofi matatu, sa-to, mawili. Akizoea, muulize: nikisema "sangara" nikaondoa "sa", inabaki nini? Neno gani jingine linaanza kama "mama"? Dakika kumi zinatosha, akichoka acheni. Halafu herufi, chache kwa wiki, mkizitaja kwa sauti zake na si kwa majina: "mmm", si "em". Mchoree mchangani kama anapenda, watoto wa ufukweni wanapenda. Ila mchanga hauna muujiza wowote, kinachofanya kazi ni kusema sauti huku anaandika.

Kaka yake anahitaji kitu hichohicho, ila kwa mpango na kwa muda mrefu zaidi. Dakika 15 au 20 kila siku, siku tano kwa wiki, ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi zenye machozi. Anzeni na silabi nyepesi, ba be bi bo bu, hata kama ni za darasa la kwanza. Andika kwenye vizibo vya soda, aziunganishe kuwa maneno. Silabi nzito kama mbwa, ng'o, nywe, ziwekeni nyuma. Msirukie somo jipya kwa sababu jana alipatia. Mtoto huyu anahitaji kurudia mara nyingi kuliko wenzake mpaka mkono na mdomo viende bila kufikiri. Picha zifunikeni, asije akakisia. Na fimbo iondoke kabisa, nyumbani na shuleni. Sijawahi kuona silabi iliyoingia kwa kiboko.

Dawa ya disleksia haipo. Vidonge vya mafuta ya samaki vinauzwa kwa jina hilo, na sisi tunaokula samaki kila siku tungekuwa tumepona wote. Ushahidi wake haujitoshelezi. Miwani ya rangi nayo, vivyo hivyo.

Kiswahili kitamsaidia kwa sababu herufi zake hazidanganyi: a ni a popote. Mtoto mwenye disleksia akifundishwa vizuri kwa Kiswahili mara nyingi hufika mahali pa kusoma bila makosa mengi, ila polepole mno, na watu wanadhani amepona. Kisha anafika kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, ambapo herufi ya kwanza ya "knife" haitamkwi, na anazama upya. Nakueleza sasa ili siku hiyo isikushtue. Na kama bado anachanganya r na l, hiyo isikusumbue. Kanda ya Ziwa nusu yetu tunachanganya, na ni lafudhi tu.

Kwa mwalimu wa darasa usiende na neno "disleksia" kama rungu. Ana watoto wengi mno mbele yake. Mwombe mambo matatu madogo: amkalishe mbele, asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake, na akipima sayansi au hesabu amsomee swali ajibu kwa mdomo. Hayo hayahitaji barua ya daktari.

Kuna vitu lazima vitolewe njiani kwanza, na hivi havifanyiki kwa barua. Apimwe masikio na macho; Bugando na Sekou Toure wana kliniki za macho, na Bugando wana za masikio pia. Mtoto aliyewahi kutoka usaha sikioni kwa miezi anaweza kuwa hasikii vizuri sauti ndogondogo. Kwa kuwa mnaishi ziwani, apimwe kichocho na wingi wa damu, kwa sababu mtoto mchovu hashiki somo lolote. Na nenda hospitali bila kungoja kama alikuwa anajua kusoma akapoteza, kama huzubaa ghafla katikati ya sentensi na ukimwita haitiki, kama shida ilianza baada ya malaria kali iliyompa degedege au kupoteza fahamu, au kama anakataa kula na kusema hafai kitu. Kwa binti, kama kufikia miaka mitano watu wa nje bado hawaelewi anachosema, usisubiri shule.

Baada ya hapo mtafute afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, akuelekeze wanakofanyia upimaji wa watoto. Huenda mkasubiri, wataalamu ni wachache. Mazoezi ya nyumbani yaanze leo, hayangoji jina. Siku mkiitwa, beba madaftari yake ya mwaka huu na wa jana, pamoja na kadi ya kliniki ya utotoni. Nendeni na baba yake. Pale mapokezi wakitoa fomu ya kujaza, inyooshee mkono wewe kabla hawajampa yeye.